Kupima Maneno ya Biashara: Utajuaje Kama Matangazo Yako Yanafanana na Chapa Yako?

Katika Barabara ya Kenyatta mjini Nakuru, na vivyo hivyo katika mtaa wa Oginga Odinga mjini Kisumu, ubao wa kinyozi, wa kliniki ya meno, wa chuo cha udereva na wa duka la simu aghalabu hubeba maneno yale yale: huduma bora, bei nafuu, ubora wa hali ya juu, karibuni nyote. Maneno hayo hayana kosa la lugha, na huenda kila mmoja aliyeyaandika anayaamini kwa dhati. Hata hivyo, ukiyafunika majina ya biashara hizo kwa kiganja, husalii na lolote la kukuonyesha ni nani anayezungumza. Mwenye biashara amemlipa mchoraji wa nembo, amechagua rangi na amewashonea wafanyakazi fulana, lakini maneno ameyaacha yaandikwe na yeyote aliyekuwa karibu na simu siku hiyo.

Swali ambalo makala haya yanalishughulikia ni hili: mtu atajuaje, kwa ushahidi na si kwa hisia peke yake, kwamba maneno anayoyatumia kuuza yanafanana na chapa anayotaka kuijenga? Kwa chapa sikusudii nembo. Nakusudia yale yote ambayo mteja huyatarajia pindi anaposikia jina la biashara, kabla hajaingia dukani: atahudumiwa kwa haraka au kwa utulivu, ataelezwa ukweli au atazungushwa, ataongea na mtu anayemfahamu au atapewa namba ya foleni.

Swali hili huwachanganya wengi kwa sababu maandishi ya tangazo hupimwa kwa mizani tatu tofauti ambazo watu huzifanya kuwa moja. Kuna usahihi, yaani iwapo lugha imeandikwa inavyotakiwa. Kuna mvuto, yaani iwapo msomaji atasimama asome. Halafu kuna mfanano, yaani iwapo sauti inayosikika katika maandishi ni ya biashara hii na si ya nyingine yoyote. Tangazo linaweza kuwa sahihi na la kuvutia, na bado likawa la mtu mwingine. Mizani hiyo ya tatu ndiyo ninayoizungumzia, kwa kuwa ndiyo isiyo na mwalimu wa kusahihisha.

Huwezi kupima mfanano bila kusema kwanza unafananisha na nini. Hapa ndipo vikao vingi hupotelea, kwa kuwa kila mtu huitaja biashara yake kuwa ya uaminifu, ya ubora na ya kumjali mteja. Sifa hizo hazisaidii kitu katika upimaji, maana hakuna mfanyabiashara atakayechagua kinyume chake. Sifa inayofaa ni ile ambayo kinyume chake pia kingeweza kuchaguliwa na mtu mwenye akili timamu. Biashara inaweza kuwa ya maneno machache, na nyingine ikawa ya masimulizi. Moja inaweza kujivunia kasi, na nyingine ikajivunia kutokuwa na haraka. Ipo inayoongea kama jirani wa plotini na ipo inayoongea kama daktari aliyevaa koti jeupe. Mradi umechagua upande, una kipimo.

Tuchukue mfano wa kiwanda kidogo cha maziwa kilicho upande wa Njoro, kinachouza mala na yogati kwa maduka ya mjini Nakuru na pia kwa wateja wa majumbani. Tuseme wenye kiwanda wamekaa wakakubaliana kwamba chapa yao ni ya kijirani, haina papara, na husema wazi maziwa yametoka wapi. Mwishoni mwa wiki wateja wao wanapokea ujumbe huu kwenye simu: “WAHI SASA!!! Yogati bora zaidi Kenya nzima! Ofa kabambe ya wikendi, usikose!” Ujumbe huo ukiusoma peke yake, huoni ubaya wake. Ukiuweka kando ya zile sifa tatu, unaona kwamba wahi, sasa na usikose ni maneno ya papara, kwamba Kenya nzima inafuta habari ya Njoro, na kwamba jirani hakupigii kelele kwa herufi kubwa. Maneno hayo ni ya duka linalofunga shughuli na kuuza mabaki.

Ujumbe ambao ungefanana na kiwanda hicho ungekuwa kama huu: “Yogati ya wiki hii tumeitengeneza Jumatatu kwa maziwa ya wafugaji wa Njoro na Mau Narok. Ipo ya vanila na ya stroberi, na lita moja ni shilingi 250. Ukiagiza kabla ya saa nne asubuhi, tunakuletea jioni.” Sifa zote tatu zimo humo, ingawa hakuna hata moja iliyotajwa kwa jina. Ujirani umeonekana katika mahali palipotajwa, utulivu umeonekana katika sentensi zilizokamilika, na uwazi umeonekana katika siku, bei na saa.

Sasa tuje kwenye upimaji wenyewe. Kosa la kwanza ambalo watu hufanya ni kupima lile tangazo kuu tu, lile lililoandikwa kwa uangalifu na kusomwa na watu watano kabla ya kutolewa. Mteja hasomi hilo peke yake. Anasoma karatasi ya bei iliyobandikwa ukutani, stetasi za WhatsApp, risiti, jibu la swali lake saa mbili usiku, ilani ya kufungwa kwa duka siku ya sikukuu, na zaidi ya yote ujumbe anaotumiwa mambo yanapoharibika. Kwa hiyo kusanya kila kitu ambacho biashara yako imeandika katika miezi mitatu au sita, pamoja na vile vipande usivyovipenda. Mimi huanza na ujumbe wa kuomba radhi na ujumbe wa kudai, kwa sababu huko ndiko sauti hubadilika bila mwenyewe kutambua.

Mfano ulio wazi kabisa ni wa mikopo ya simu. Mkenya anaombwa akope na kampuni inayojiita rafiki yake, kwa maneno ya upole na picha ya mama anayetabasamu kibandani. Siku ya kulipa inapopita, rafiki huyo huyo anaandika kwa sauti ya dalali wa mahakama. Mambo yalifikia hadi Benki Kuu ya Kenya, katika kanuni za watoa mikopo wa kidijitali za mwaka wa 2022, ikapiga marufuku vitisho na lugha ya matusi katika kudai madeni. Kwa upande wa chapa, madhara yalikuwa yameshatokea, kwa kuwa mteja akishasikia sauti mbili kutoka kinywa kimoja huamini ile kali.

Hata kosa dogo hufichua tabia. Gari la kiwanda chetu likiharibika Lanet, ujumbe wa kawaida unaoandikwa ni huu: “Tunasikitika kwa usumbufu wowote uliojitokeza.” Katika sentensi hiyo usumbufu umejitokeza wenyewe; hakuna aliyefanya jambo, hakuna siku wala saa, na neno wowote linadokeza kwamba huenda hata haukutokea. Biashara iliyoahidi kusema wazi ingeandika: “Gari letu limeharibika Lanet. Yogati yako haitafika leo. Tutaileta kesho kabla ya saa tatu asubuhi. Ukitaka kurudishiwa pesa zako, jibu ujumbe huu.” Huu ni mrefu zaidi, na unaigharimu biashara zaidi kwa kuwa umeifunga kwa saa iliyotajwa. Gharama hiyo ndiyo chapa yenyewe.

Ukishakusanya maandishi, yahesabu. Najua kuhesabu maneno kunasikika kama kazi ya mkutubi, lakini bila hesabu kila mmoja atatetea sentensi aliyoiandika mwenyewe. Hapa Kiswahili kina tabia yake ambayo lazima ieleweke, la sivyo hesabu itadanganya. Programu nyingi za kuhesabu maneno ziliundwa kwa ajili ya lugha ambazo neno hubadilika kidogo tu. Kitenzi chetu hubeba nafsi, wakati na mtendewa ndani yake: tunakuletea, tutakuletea, tumewaletea, niletee, kuletewa. Mashine huona maneno matano tofauti, kila moja likiwa limetokea mara moja, ilhali mteja amesikia kuleta mara tano. Vivumishi navyo hufanya vivyo hivyo. Bora halibadiliki popote liendapo, kwa hiyo hujikusanya na kupanda juu ya orodha, huku uzuri ukiwa umetawanyika katika mzuri, nzuri, kizuri, mazuri na vizuri, hata usionekane. Na kileleni kabisa mwa orodha utakuta ya, na, kwa na wa, ambayo hayakuelezi chochote.

Ndiyo maana wataalamu waliojenga mkusanyo mkubwa wa maandishi ya Kiswahili katika Chuo Kikuu cha Helsinki hawakuishia kuhifadhi maneno yalivyo. Kila neno liliandamanishwa na uchanganuzi wa muundo wake ili mtafiti aweze kutafuta kwa mzizi. Mfanyabiashara wa Nakuru hahitaji mitambo hiyo. Anachohitaji ni jedwali la kawaida la kompyuta, kila ujumbe katika mstari wake, kisha atafute kwa mzizi badala ya neno zima. Kutafuta “let” kutamletea jamii yote ya kuleta. Kutafuta “amin” kutamletea amini, tunaaminika, mwaminifu na uaminifu. Ila asiiamini hesabu kabla hajaipitia kwa macho, maana “amin” hiyo hiyo imo ndani ya neno vitamini, na kiwanda cha yogati kinachoandika kila siku kuhusu vitamini kinaweza kujikuta kinajisifu kwa uaminifu ambao hakijawahi kuutaja.

Idadi ikishapatikana, bado haina maana mpaka ilinganishwe. Tuseme una jumbe 40 zenye wastani wa maneno 25, yaani jumla ya maneno 1,000, na bora limetokea mara 18. Je, ni nyingi? Tafuta maneno 1,000 mengine kutoka kwa washindani wako: mabango yao, kurasa zao, jumbe wanazotuma. Ukikuta kwao limetokea mara 17, umejua kwamba neno hilo halikutofautishi na yeyote, na unaweza kulipunguza bila hasara. Ukikuta mfugaji limetokea mara 11 kwako na halipo kabisa kwao, umeliona neno lililo lako, hata kama hukulipanga. Mara nyingi upimaji huishia hivi: chapa ilikuwapo tayari katika maandishi, ila ilikuwa imefunikwa na maneno ya kuazima.

Zaidi ya msamiati kuna sarufi, na kwa maoni yangu hii ndiyo sehemu inayopuuzwa kuliko zote. Angalia majina ya huduma za Safaricom. Zaidi ya M-Pesa yenyewe, iliyozinduliwa Machi 2007, Wakenya wamezoea Sambaza, Bonga, Okoa Jahazi, Lipa na M-Pesa, na Fuliza iliyokuja Januari 2019. Bonga limetoka mtaani na jahazi limetoka baharini, lakini majina hayo yanakaa pamoja kama ndugu kwa sababu yote huanza na kitenzi, na kitenzi chenyewe kiko katika hali ya kuamuru: fanya jambo, sasa hivi, kwa kidole chako. Kisha tazama M-Shwari, huduma ya kuweka akiba na kukopa iliyozinduliwa Novemba 2012 pamoja na benki ya Commercial Bank of Africa (CBA). Hapo hakuna amri. Neno ni la bahari iliyotulia, na akiba inahitaji utulivu. Hivyo ndivyo chaguo la aina ya neno, na si maana yake tu, linavyofanya kazi.

Katika maandishi yako mwenyewe, chunguza ni nani mtenda wa kila sentensi. Sentensi zinazoanza na tuna-, tume- na tuta- humweka muuzaji katikati. Zinazoanza na una- na uta- humweka mnunuzi. Hakuna lililo haramu, lakini biashara inayosema “mteja ni mfalme” huku sentensi zake tisa kati ya kumi zikimzungumzia muuzaji imejijibu yenyewe. Chunguza pia umoja na wingi. Karibuni ni neno zuri mlangoni, ambapo watu hupita kwa makundi. Ujumbe unaoingia kwenye simu ya mtu mmoja ukisema “wateja wetu wapendwa, mnajulishwa” humfanya ahisi kwamba anatangaziwa kwa kipaza sauti, na kiwanda kilichodai ujirani kimempoteza jirani kwa kiambishi kimoja.

Majina mahususi ya vitu nayo yana uzito wake. Mkulima wa Bungoma au Trans Nzoia akiingia agroveti haulizi mbegu bora. Anajua kwamba SC Duma 43 ni mahindi ya kukomaa mapema na kwamba SC Tembo 73 huchukua muda mrefu zaidi shambani. Mwenye kuipa mbegu ya haraka jina la duma ameshalieleza jambo lenyewe. Agroveti inayotaka kujulikana kwa ushauri wa kitaalamu, kisha ikaandika ukutani “tuna mbegu bora za mahindi”, imeuficha utaalamu wake. Ingetaja aina, muda wa kukomaa na maeneo yanakofaa. Hoteli ya samaki huko Dunga, Kisumu, iko katika hali hiyo hiyo: ngege, mbuta na omena ni majina ambayo kila mla samaki anayajua, na kuyafuta kwa kuandika “samaki watamu wa ziwa” ni kuongea kama mgeni. Kinyume chake, neno la ndani ya biashara likitumiwa ovyo huharibika. Muuzaji wa mitumba katika soko la Kibuye akisema kamera anamaanisha nguo ya gredi ya juu kabisa katika bele, yaani furushi la mitumba, na akiibandika lebo hiyo kwenye bele zima, wanunuzi wake wa kudumu wataacha kumsikiliza.

Kuhusu lugha ya mtaani na Kiswahili sanifu sitakawia. Sheng ni sauti halali kwa biashara ambayo wateja wake na wauzaji wake wanaizungumza. Ikiandikwa na mtu ambaye haizungumzi, vijana hugundua katika neno la kwanza, na wazee wanaona wametengwa. Kigezo ni kimoja tu: je, mtu wa kaunta anaweza kuyatamka maneno hayo mbele ya mteja bila kujilazimisha?

Kuna maneno mengine ambayo si suala la sauti tu bali ni ya sheria. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidike na bidhaa, na kinalitaka Bunge litunge sheria ya kuhakikisha matangazo ni ya haki, ya kweli na ya heshima. Sheria ya Kuwalinda Watumiaji Bidhaa ilipitishwa mwaka wa 2012, na inakataza maelezo ya uongo na ya kupotosha kuhusu bidhaa. Kwa hiyo maneno kama asilia, bila kemikali au yametibiwa yanapotokea katika hesabu yako, yaweke katika safu ya peke yake na uandike kando ya kila moja ushahidi ulio nao. Yogati yenye rangi na ladha ya kutengenezwa haiwezi kuitwa asilia kwa sababu tu maziwa yake yametoka kwa ng'ombe wa jirani.

Baada ya hesabu, wape watu wasikilize. Chagua maandishi sita, mawili yako na manne ya washindani, futa majina yote, kisha yasome kwa sauti mbele ya mfanyakazi ambaye hakuyaandika, mteja wa siku nyingi, na mtu asiyeijua biashara yako kabisa. Usiwaulize ni lipi wamelipenda, kwa kuwa watalitaja lile la kuchekesha. Waulize: anayeongea hapa ni mtu wa namna gani? Ukimrudishia bidhaa iliyoharibika, atakujibuje? Swali la pili ndilo lenye faida, kwani linamlazimu msikilizaji ayageuze maneno kuwa matendo. Mteja wa siku nyingi akishindwa kuyatambua maandishi yako kati ya sita, maneno yako hayajashika hata kama yeye anakuja kila wiki. Anachokifuata ni muuzaji, au ni mahali, au ni bei.

Hatua ya mwisho ndiyo ngumu, na wengi huiruka. Ukisahihisha maandishi yafanane na chapa, utafika kwenye maneno ambayo ni mazuri, yanafanana, na bado si kweli. Kiwanda chetu kilichoandika “ukiagiza kabla ya saa nne asubuhi, tunakuletea jioni” kina gari moja. Jioni hiyo inatimizika katika mitaa ya Nakuru kama Section 58, Milimani na Free Area; haitimiziki Molo wala Gilgil siku ambayo oda ni nyingi. Wenye kiwanda wana njia mbili. Wanaweza kumwajiri mwenye pikipiki wa kuzipeleka zile za mbali, au wanaweza kuandika ujumbe wa aina mbili, mmoja kwa wateja wa mjini ukisema jioni, na mwingine kwa wateja wa Molo na Gilgil ukisema kesho asubuhi. Hilo haliwezi kuamuliwa na anayeandika maandishi. Linaamuliwa na mwenye kushika ufunguo wa gari, na linapaswa kuamuliwa kabla ujumbe wa wiki ijayo haujatumwa.